Kabula, Umemwingiza Mgeni Ukaniacha Kwenye Benchi

Mke mwenzangu Kabula,

Adabu umeiacha wapi? Mimi bibi yako, niliyekulea tangu mama yako alipofariki, nimetoka Didia hadi Geita na ndoo ya michembe, viazi vyetu vya kukausha, halafu mlangoni pa wodi ya wazazi nesi anauliza, "Anaingia nani? Mmoja tu," nawe unamnyooshea kidole mama wa watu! Huyo Mama Rehema, kaja juzi tu kutoka Tanga.

Ulinieleza kazi yake inaitwa doula. Hazalishi, hiyo ni ya mkunga. Yeye anakaa na mjamzito tangu mimba changa, anamsindikiza kliniki, anamsugua mgongo uchungu ukija. Nikakuuliza, "Na mimi nilikuwa nafanya nini?" Ukacheka. Mimi sikucheka.

Unakumbuka ulivyougua surua, nikakubeba mgongoni hadi zahanati na mvua inanyesha? Unakumbuka mimba ya Shija, ulivyotaka udongo wa kichuguu tu, nikawa nakuchimbia mwenyewe? Huyo mama alikuwa wapi?

Basi nikakaa kwenye benchi. Nakusikia unapiga kelele kama mbuzi, naye anakwambia, "Lia, mama, lia tu, niko hapa."

Niliona wivu, Kabula. Sifichi. Niliomba atoke ajikwae. Maana siku ya kumzaa Shija nilikufinya paja, nikakwambia, "Nyamaza, unaniaibisha! Mwanamke wa Kisukuma halii." Ukanyamaza. Ukauma kanga mpaka ikatoboka. Miaka yote hii hukusema neno, umekuja kulisema kwa kidole mbele ya nesi.

Mama yangu naye alinifinya hivyo hivyo. Nilidhani ndiyo kupendwa kwenyewe.

Mtoto ni mzuri, kichwa amechukua changu. Ila hasira ninayo bado, na huyo mama asijione.

Sasa sikiliza. Mdogo wako Limi tumbo limefika miezi saba, na tayari anaulizia namba ya simu ya Mama Rehema. Usimpe! Mlete huyo mama mwenyewe hapa Didia kabla mwezi haujaisha. Kuku yupo, aje amchinje kwa dini yake, ale ashibe. Kisha anionyeshe pale kiunoni anapobonyeza, na anifundishe yale maneno yake.

Kwa Limi naingia mimi. Mwambie nesi mapema.

Bibi yako, aliyekubeba kabla yao wote