Mafuta ya Karafuu na Ziwa la Faki

Gando, Pemba

Mama yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute u mzima, wewe na baba na mguu wake. Bado unamsumbua? Sisi huku hatujambo, na nakuandika Faki amelala pajani, ameshiba. Hilo "ameshiba" lisome tena, Mama, maana barua iliyopita niliiandika nalia.

Najua ulishafunga mkoba. Ulisema chuchu zisipopona utavuka maji uje utuchukue, mie na mtoto, uniuguze mwenyewe huko Tanga. Ukaongeza kuwa hayo ndiyo ya kuzalia ugenini, kwani mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Iliniuma, lakini sikukulaumu. Ngoja nikuhadithie.

Chuchu zilipasuka zote mbili, ya kushoto ikawa inatoa damu. Faki akililia ziwa, na mie nalia kabla hajalishika. Mkwe wangu, Bi Fatma, hakuweza kuvumilia. Huku karafuu ni dawa ya jino, ya tumbo na ya mafua, basi kwa nini isiwe ya chuchu? Akaja na kichupa chake cha mafuta ya karafuu, akanipaka taratibu huku ananisomea dua. Mama, niliruka kitandani! Ilikuwa moto mtupu. Faki naye alipoonja alikunja uso kama mzee aliyelishwa shubiri, akagoma kutwa nzima. Bi Fatma akaenda kukaa mlangoni na kichupa chake, na Hamadi, mume wangu, akaanza kuulizia maziwa ya kopo.

Asubuhi tukampeleka Faki hospitali, Wete. Nesi mmoja mtu mzima aliisikia harufu kabla sijasema kitu. Hakutugombeza. Alimgeukia mkwe wangu, akamwambia, "Bibi, karafuu wauzie serikali. Ziwa mwachie mtoto." Bi Fatma alicheka mpaka akafuta machozi.

Kumbe Faki alikuwa ananyonya ncha tupu, ndiyo maana akinichana. Nesi akaniosha kwa maji ya vuguvugu, akanikalisha nikaegemea, tumbo la mtoto likagusa langu. Akanambia nisubiri apanue kinywa hasa, kisha nimvute yeye kwangu, nisimwinamie, aingize na ule weusi wa ziwa, kidevu kigande ziwani. Nikitaka kumtoa, nipitishe kidole safi pembeni mwa mdomo, nisimchomoe. Akishiba nijipake matone ya maziwa yangu mwenyewe, niyaache yakauke kwa upepo, na sabuni nisiiguse. Ziwa bovu likizidi kuuma nilipumzishe, nikamue, nimnyweshe kwa kikombe.

Nilimweka nimekaza meno. Maumivu yalikuja kidogo, yakapoa, kisha nikamsikia anameza. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Sasa kidonda kimefunga, na Bi Fatma amekuwa askari. Nikimpakata tu Faki, yeye ananiinamia: "Kidevu, mwanangu, kidevu." Jirani akija na dawa yake, anarudishwa nayo uani. Kichupa chenyewe amekirudisha kwenye kazi ya meno.

Nisalimie sana baba, shangazi mshonaji kwa ile kanga ya kumbebea mtoto, na kaka dereva, mwambie mpwawe kamrithi masikio. Mdogo wangu asome, asinifanye mie kisingizio.

Jambo moja limebaki. Bi Fatma hajui kuandika, ameniomba nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie mamako mwanawe nilimuumiza kwa kumpenda. Aje amuone."

Basi mkoba usiufungue, Mama. Njoo, ila usije kutuchukua, njoo ukae. Bi Fatma ameshakutandikia kitanda chake, na mkeka wake ameuweka chini, ubavuni mwako.

Mwanao anayenyonyesha bila kulia,
Mwanaidi