Maombi Kando ya Kitanda cha Mgeni

Mama,

Ile filamu ya vichekesho waliyoirekodi hotelini kwetu ilitoka miezi mitatu baada ya kukuzika. Wageni wa Nairobi wanasema inawakejeli matajiri. Labda. Mimi niliitazama na wenzangu wa chumba cha kufulia, kwenye simu ya Muthoni, na sikuona tajiri akichekwa. Aliyechekwa ni wewe.

Unamkumbuka yule mwigizaji uliyemfundisha kutandika? Ulimwonyesha kila kitu, mpaka ulivyokuwa ukipiga magoti kando ya kitanda ukishamaliza, ukimwombea mgeni atakayelala hapo. Miaka kumi na tisa ulifanya hivyo, nami nikikutania. Ulikuwa ukinijibu, "Ati tajiri hana shida? Huyo hata hapatangi usingizi." Basi wamekutia kwenye filamu. Mfanyakazi anaombea kitanda cha bwana mkubwa, bwana mkubwa anaingia na mwanamke asiye wake, na yeye haachi kuomba. Watu wanavunjika mbavu. Hata lafudhi yetu ya Naro Moru wameichukua.

Kicheko kimeleta wageni. Wanauliza pale mapokezi, yule mama wa maombi yuko wapi? Meneja, badala ya kuwaambia umekufa, akaniita mimi na kunivisha aproni nyeupe.

Mama, nilikubali. Afadhali nikuambie mwenyewe. Ijumaa nilipiga magoti mbele ya mgeni na familia yake, simu nne zikinielekea. Nikaomba. Mgeni akasema, "Rudia kidogo, mwangaza haikuwa poa." Nikarudia. Watoto wake wakacheka, naye akanishukuru vizuri sana, maana ni watu wa adabu.

Nilipofika nyumbani nilitaka kukuombea wewe, kama kila siku. Nikapiga magoti, nikajikuta nakiweka sawa kitambaa changu cha kichwa. Nani alikuwa ananitazama? Nililia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni kwako, kwa kumpa yule mwigizaji kitu kama kile bila hata kumuuliza anakipeleka wapi.

Kesho asubuhi namrudishia meneja aproni yake. Akinirudisha kufua, sawa. Akinifukuza, kuna viazi vya kupalilia kwa shangazi. Lakini kuomba mbele ya simu, sitaomba tena.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitajifunza kuomba upya, nianze na wewe. Yule mgeni uliyekuwa ukimwombea atasubiri zamu yake.

Binti yako,
Nyambura