Fundo kwenye Bendera ya Kijani

Samuye,
Shinyanga.
21 Juni 1981

Mpendwa mdogo wangu Febronia, Mama Justa,

Najua umekwisha kuniamkia kabla hujafungua bahasha, basi marahaba. Hamjambo huko Mtwara? Kifua cha Justa kimetulia? Shemeji Herman bado anabishana na redio? Sisi tu wazima, isipokuwa macho ya Baba, na hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Soma yote kabla hujaanza kulia.

Mwaka huu pamba imefunguka vizuri. Mgongo unamsumbua Mama lakini kuketi hataki. Ndugu yetu Jilala yuko kule kule Rwamgasa anatafuta dhahabu. Ametuletea salamu na kanga ya Mama, habari ya kurudi hakuna.

Sasa reli. Unaukumbuka ule mkono wa chuma juu ya mlingoti pale kituoni, ambao Baba amekuwa akiupandisha na kuushusha kwa waya tangu hatujazaliwa? Umeng'olewa. Wameweka taa za umeme, nyekundu na kijani, zinazoamriwa kutoka mjini. Injini za mvuke nazo zinaondolewa, pamoja na ile treni yetu kuukuu inayosimama kila kituo. Za dizeli zitapita hapa kama hapana watu.

Unanijua nilivyowaka. Niliandika gazetini hata mhariri akaniomba nipumzike. Nilisema taa hizo ni macho ya kioo, zimekuja kumfukuza mzee kazini na kutuacha na marobota yetu kando ya reli. Nilisema nchi isiyosimamisha treni kwa mkulima itakuja kubeba pamba kichwani. Hilo la mwisho bado nalisema.

Wiki iliyopita ikaja treni ya uzinduzi, dizeli mpya, imejaa wakubwa. Ilitakiwa ipite tu. Baba alikuwa amepewa sare mpya na bendera mpya kwa ajili ya siku hiyo. Taa ikawaka kijani. Baba akatoka, akajinyoosha, akapeperusha nyekundu.

Dereva akafunga breki. Humo ndani soda zikawamwagikia wageni. Akateremka akifoka, "Mzee Masele! Taa inasema nenda, wewe unasema simama. Nimsikilize nani?"

Baba akaipapasa bendera pembeni kwa vidole.

Mbuke, yule muuza karanga, hakungoja jibu. Alikwisha kufika madirishani. "Nunueni, wakubwa! Leo mmesimamishwa na mwenye njia!" Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa, kila mmoja akisema mzee kagoma.

Nami nikaamini, Febronia. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nikakimbia nyumbani nikaandika makala yenye moto kuliko zote, juu ya mzee aliyeisimamisha dizeli kwa kipande cha kitambaa. Jioni, tukiwa tumeuzunguka ugali, nikamsomea Baba.

Hakucheka. "Ng'wanone," akaniita "mwanangu" kwa Kisukuma, kama alivyokuwa akituita utotoni, "chana hiyo."

"Baba, nchi nzima itakusoma!"

"Nilidhani nimeshika kijani."

Mama akainuka, akaleta bendera ya kijani ya zamani, akaniwekea mapajani. Kwenye pembe yake kuna fundo la uzi. Alilishona mwaka juzi, Baba alipoanza kuona rangi zote kama majivu, ili vidole vimwambie ipi ni ipi. Bendera mpya hazikuwa na fundo.

"Wewe unazitukana hizo taa," Baba akasema, "mimi nilikuwa naziombea zije. Kila treni ikipita salama namshukuru Mungu sijaua mtu. Ilinipasa niseme mapema. Lakini bila bendera, mimi ni nani?"

"Ni Baba Pantaleo," Mama akamjibu. "Kula."

Nimebishana na walimu, mapadri na makatibu wa kila aina. Lakini usiku ule niliichana makala pale pale, tukawashia moto wa chai.

Kesho yake Baba akaenda mwenyewe kwa stesheni masta, akamweleza yote, akavua kofia. Yule bwana alimsindikiza hadi nyumbani akiwa amemshika mkono. Kisha nikampeleka hospitali ya Kolandoto. Daktari anasema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, anaweza kuutoa. Lakini Baba amegoma, na safari hii ni mgomo wa kweli. Anasema upasuaji ni upasuaji. Jicho likiharibika, anataka awe amekwisha kuuona uso wako kwa hiki kidogo kilichobaki. Na daktari ameniambia kando kwamba tusichelewe.

Kwa hiyo njoo, mdogo wangu. Treni kuukuu itaendelea kusimama hapa hadi pamba iishe. Ikiondolewa, utashushwa mjini, na Baba amesema atakupokea kituoni kwake, si kwingine. Mimi bado napigana, ila nimebadili silaha: taa na ziwake, nazikaribisha kwa mikono miwili, lakini treni isimame. Mhariri amenikubalia, tena kwa furaha ya kutiliwa shaka.

Mama anakusalimu sana, na wifi yako Scolastika. Mwambie Shemeji Herman kwamba mwezi mmoja bila mke haujamwua mwanamume yeyote. Mbusu Justa. Mungu wa baba zetu akufungulie njia, akulinde mchana na usiku hadi ufike.

Ile bendera ya kijani yenye fundo la Mama nimeikunja humu ndani ya bahasha. Treni ikianza kupunguza mwendo, itoe dirishani uipeperushe. Baba hataiona vizuri, lakini nitakuwa nimesimama karibu yake, nami nitamwambia: ni kijani, Baba. Njia nyeupe. Ndiye huyo anakuja.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira na dunia nzima,

Pantaleo Masele