Bwana Haraka

3 Machi

Kaka mpendwa,

Hamjambo huko? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Mimi mzima, ila hapa makao makuu wanatuchosha kwa vikao. Matawi ya nchi saba tunatakiwa tumwelewe mteja kwa namna moja. Wewe umewatengenezea wateja pampu zetu miaka kumi na minane. Hebu niambie, wanataka nini?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Shemeji yako anauliza kama hivyo vikao vinanenepesha. Jibu langu fupi: wanataka kufungua pampu wenyewe. Mkunga wa zahanati hutoa nati nne kwa spana yake, husafisha chujio, hufunga, maji yanatoka. Mimi niko peke yangu na pampu ni arobaini. Nimemwambia, "Mdogo wangu yuko huko juu, atakusemea." Usiniangushe.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Salamu nyingi, natumaini nyote hamjambo. Hatimaye tumeafikiana. Mteja tumempa hadi jina, Bwana Haraka: hana muda, hataki kuchafua mikono. Kwa hiyo pampu mpya haina nati hata moja, imefungwa kabisa. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni. Nitaisoma kikao kijacho.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Sisi wazima, tunashukuru. Chujio la pampu mpya waliyofungiwa zahanati liliziba nikiwa mbali kwa wateja wengine. Siku nne akina mama waliojifungua walibebewa maji kwa ndoo. Nilipofika, mkunga alikuwa na spana yake mkononi. "Ulisema atanisemea," akaniambia. "Alisemaje?" Pampu wameirudisha kwa kampuni, nami nimerudisha mkoba wa vifaa na kuacha kazi. Nimeumia, sikufichi.

Kaka yako

14 Novemba

Kaka yangu,

Hii ni barua ya tatu tangu uache kunijibu. Nakujulia hali hata hivyo, na shemeji pia. Barua yako ya Machi nimeisoma kikaoni, yote. Wakamfuta Bwana Haraka na kurudisha nati nne. Wanaomba uje utufundishe mteja ni nani.

Siku ile nilijua wanakosea. Nilinyamaza kwa kuwa wote walishakubaliana, nami nikaona raha kuwa mmoja wao. Najuta, kaka.

Kama hutaki kuniandikia, usiniandikie. Ila pita kwa mkunga, umwambie wewe ulifikisha maneno yake. Yalikwama kwangu.

Mdogo wako