Bibi wa Kwamsisi Aliyesusa Kula

Shikamoo Mama,

Huku Kwamsisi vumbi hadi kwenye meno. Leo, katika kuzungukia wagonjwa majumbani, nimemwona bibi ambaye kiharusi kimemlegeza mkono wa kulia. Mkwewe anasema amesusa kula, labda karogwa. Sikuamini. Aliyesusa hafuati bakuli la mlenda kwa macho namna ile. Nikawatoa mkwewe na wajukuu nje, nikamgeuzia mgongo, nikajifanya napekua begi. Nilipogeuka ghafla, ugali umepungua, na mkono wa kushoto unajificha ndani ya khanga.

“Usiwaambie wajukuu,” akanong'ona. “Nimewachapa sana kwa kula na mkono huu wa kushoto.”

Kesho nampelekea kijiko chenye mpini mnene, tujaribu na mkono wa kulia.

Nawe Mama, kila nikipiga simu unasema umeshiba. Nakuja kukutazama ukila.

Mwanao akupendaye,
Zaina