Bangili Alizonifanyia Bibi

Nyakasimbi, Karagwe,
Kagera.
14 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Vero,

Shikamoo. Habari za Songea? Na mguu je, bado unakusumbua wakati wa baridi? Baba hajambo, na migomba imebeba vizuri. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Kila nikitaka kusema, nalia.

Ni Bibi, mama yako. Jicho la kushoto limekufa, la kulia linaona kivuli tu, na daktari ametuambia hayatarudi. Siku ya tano leo anakataa chakula. Anatafuna punje za kahawa na kugeukia ukutani.

Shangazi, kosa ni langu. Hukuweza kufika harusini kwangu, kwa hiyo hukuziona bangili kumi na mbili alizonifanyia: waya mwembamba wa shaba uliozungushiwa singa za mkia wa ng'ombe. Alizifanya mwaka mzima, macho tayari yana ukungu, wala hakumwambia mtu. Nilipofika kwa mume wangu kule Songambele, wifi yangu Mackrine akaniuliza, "Hizo nyaya za mtego wa panya utazivua lini?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikazivua, nikawapa watoto wachezee migombani.

Mwezi uliopita Bibi alikuja kunitembelea. Akanishika mikono yote miwili, akapapasa. Akapapasa tena. Alisema tu, "Nirudisheni nyumbani."

Nilifukua majani makavu migombani siku mbili nzima. Nilipata tatu, zimekanyagwa.

Ndipo nikamfuata huku. Nikaomba singa kwa jirani, nikatafuta waya, nikaketi mkekani karibu naye nijaribu mwenyewe. Siku nne, Shangazi! Vidole vimechanika, shingo haigeuki, na kazi haijafika hata urefu wa kidole. Kila mzunguko sharti ubanane na mwenzake. Ukikosea mmoja, yote inafumuka. Sasa najua niliwapa watoto kitu gani.

Jana nilimwekea mkononi. Akaipitia kwa ukucha, mzunguko kwa mzunguko.

"Imelegea," akasema. "Fumua."

Nikafumua. Kisha akanyoosha mkono, "Lete nikuonyeshe." Waya ukamponyoka. Akautafuta mkekani, hakuupata, akaanza kulia. Sijawahi kumwona Bibi akilia.

Baba anasema ni wewe peke yako ambaye Bibi alikufundisha kazi hii, ulipokuwa msichana. Nakusihi, njoo. Usingoje mavuno, usingoje Krismasi. Mimi nimemwita kula, Baba amemwita, padri amekuja, hasikii mtu. Labda wewe ukikaa kwenye ule mkeka atakusikia.

Nisalimie Baba Eliud, Eliud mwenyewe na mdogo wake Jovin.

Mungu akufungulie njia, ufike vidole vya Bibi vikiwa bado vinakumbuka.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na niliyekosa,
Renatha