Spika Nne za Kaka Deo

27 Desemba 1996

Na bado anaiita amplifaya mbovu! Kaka Deo alikuja Krismasi na gari lake kutoka Dar, akaongeza spika mbili juu ya mbili ambazo amplifaya inaweza kubeba, ili mlima mzima ujue amefika. Ikaungua.

Leo nimebadilisha transista zilizoungua, kisha nikamweleza kwa heshima kwamba spika zibaki mbili, la sivyo itaungua tena.

"Injinia, unganisha zote! Watu wa Kibosho nao wasikie."

Shahada yangu haikumgusa hata kidogo. Mtu asiyetofautisha muziki na makelele, ndiye...

Usaili wangu uko Dar, Jumatatu. Mabasi yote yamejaa. Kiti pekee nilichoahidiwa kimo garini mwake.

"Sawa, kaka," nilijibu, nikaziunganisha zote nne.